Nani Asijue?

Makoongwe ni kisiwa kilicho mkabala na bandari ya Mkoani, Pemba. Ukisimama gatini unakiona. Lakini mgonjwa wa usiku havuki kwa macho. Kwanza atafutwe mwenye chombo, na mwenye chombo hakurupuki usingizini bila kuuliza nani anaumwa na anaumwa nini. Kisha zichangwe pesa za mafuta ya mashine, na wachangaji nao watauliza. Kisha wapatikane vijana wa kubeba kitanda hadi ufukweni. Mashua inapogonga Mkoani, habari imeshatangulia kwa simu, na dereva wa teksi anayengoja anaijua kuliko nitakavyoijua mimi pale mapokezi. Ndiyo maana nilipofundishwa chuoni Mbweni kwamba siri ya mgonjwa hukaa baina yake na anayemhudumia, nilicheka moyoni. Aliyeandika vile hajapata kubeba mgonjwa kutoka kisiwani.

Nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga Pemba hii hii tangu usichana wangu hadi nilipostaafu, kwanza vituo vya shamba, baadaye hospitalini. Nimepeleka wagonjwa na nimepokea wagonjwa, na mambo haya mawili hayafanani. Anayepeleka anataka mgonjwa atoke mikononi mwake akiwa hai. Anayepokea anataka kujua kila kitu, na anataka sasa hivi. Njia yenyewe ni ndefu kuliko ramani inavyoonyesha. Mgonjwa anaanzia kituo cha afya Konde au Kengeja, anapelekwa hospitali ya Wete, Chake Chake au Abdalla Mzee ya Mkoani, na akishindikana huko anavushwa kwenda Mnazi Mmoja, Unguja, kwa boti au kwa ndege. Kila panapobadilishwa mikono pana masikio mapya. Pale Abdalla Mzee, iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016, daktari bingwa anaweza kuwa Mchina, maana timu za madaktari wa China zinakuja Zanzibar tangu miaka ya 1960. Baina yake na mama wa Kipemba hukaa mkalimani, naye ana masikio yake mawili.

Kuna habari ambazo lazima zifike, na zifike kamili. Chukua kifafa cha mimba. Mama ana miezi minane, kichwa kinampasuka, macho yameingia kiwi, presha imepanda, mara anaanza kutetemeka mwili mzima. Dawa yake ni magnesiamu salfeti, na kituoni tunaianza kabla gari halijafika: gramu 4 kwenye mshipa, polepole, na gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako. Dawa hiyo ikizidi hukata pumzi. Basi mpokeaji asipojua kwamba mama ameshachomwa, akamchoma upya dozi ya kuanzia kwa nia njema kabisa, anaweza kumwua mtu aliyekwisha kuokolewa. Mimi nilikuwa nikikata kipande cha plasta nyeupe, naandika saa na dozi kwa kalamu ya wino mzito, nakibandika kifuani juu ya gauni, pale atakapopaona kila atakayemshika. Karatasi hupotea, simu huisha chaji, dereva husahau alichoagizwa. Plasta inafika pamoja na mgonjwa. Sikumwomba mtu ridhaa ya plasta ile, na nikirudishwa zamu leo sitaiomba. Mwenye kifafa hajibu.

Lakini plasta ile ilikuwa na mistari miwili tu. Haikuwa na jina la mume, wala hesabu ya mimba zilizotoka, wala majibu ya damu.

Hayo mengine yalikuwa ndani ya barua ya rufaa, na barua ya rufaa huku kwetu aghalabu haibebwi na muuguzi, inabebwa na jamaa. Mara nyingi ni mama mkwe, kwa kuwa ndiye mwenye sauti nyumbani, na ubavuni kwake yupo mjukuu wa skuli anayejua kusoma. Safari ya kutoka Micheweni hadi Chake haina shughuli nyengine. Barua inafunguliwa. Wako wenzetu waliojaribu kuzibana kwa pini barua za wagonjwa wenye jambo la kusitiriwa, na pini yenyewe ikawa tangazo. Mkwe akiona ya jirani iko wazi na ya mke wa mwanawe imebanwa, hahitaji tena kusoma. Dawa ilikuwa nyepesi: kuzibana zote, hata ya mchumaji karafuu aliyeanguka mtini akavunjika mguu.

Jambo lenyewe la kusitiriwa mara nyingi ni VVU. Zanzibar kiwango cha maambukizi kiko chini ya asilimia 1, na wageni hudhani uchache huo ni nafuu. Kwa aliyenavyo ni kinyume chake. Pale wanapougua wengi, mgonjwa ana wenzake. Hapa kwetu husimama peke yake kama mnazi katikati ya mpunga, kila apitaye anauona. Mama huyo akishikwa na uchungu wa ghafla, wodi ya wazazi inahitaji kujua anameza dawa gani, ili mtoto naye apewe zake mara tu anapozaliwa. Mkunga ajue, daktari ajue. Dereva, sheha, mama mkwe na mfagizi wa wodi hawana la kufanya na habari hiyo isipokuwa kuichukua nyumbani.

Palikuwa na siri nyengine iliyobeba jela ndani yake, na vijana hawaniamini nikiwahadithia. Kwa sheria ya mwaka 1985, mwanamke asiye na mume akishika mimba Zanzibar aliweza kufungwa hadi miaka miwili. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 2005. Kifungo kikaondolewa, pakawekwa adhabu ya kutumikia jamii. Sasa jitie mahala pa msichana aliyeletwa na shangazi yake alfajiri, khanga mbili zimeroa damu, shangazi anasema ni hedhi imezidi. Daktari anahitaji kujua kama palikuwa na mimba, na imefika miezi mingapi, kwa sababu matibabu yanageuka kwa jibu hilo. Akiambiwa ataandika. Akiandika, karatasi itapita kwa mpokezi, kwa maabara, kwa zamu ya mchana. Nani amhakikishie msichana yule kwamba haitafika kwa sheha? Watu wakiwaita wasichana kama huyo waongo. Mimi niliwaona wanapiga hesabu, na hesabu yao ilikuwa sawa: mtu hutoa ukweli kwa kadiri anavyojua utakapoishia. Ukitaka auseme wote mbele ya daktari, mwonyeshe kwanza ukuta uko wapi.

Aliyenifunza kuuonyesha ukuta huo alikuwa mkunga mkubwa kwangu, mtu wa zamu za usiku, mwanamke wa maneno machache. Hakuwa na fomu ya kusaini. Alikuwa na ujanja wa kuwatoa watu chumbani: wewe kamletee maji, wewe kamwandikishe dirishani, wewe baba nenda kasimame na dereva asije akaondoka. Kila mmoja alipewa kazi ya heshima, hakufukuzwa mtu. Wakishabaki wawili, anafunga kitambaa cha presha mkononi mwa mgonjwa, anainama, anasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, mie ntasema na wenzangu wanaokutibu. Nani mwengine ajue, na nani asijue?" Upepo wa kitambaa haujaisha, ameshajibiwa. Wanaosema dharura haina nafasi ya ridhaa sijui wao presha wanaipima vipi.

Swali lile lina akili kuliko "unakubali?" Ukimwuliza Mpemba aliyelala kitandani kama anakubali, atakwambia ndiyo kwa adabu, kwa hofu, au kwa sababu umevaa nguo nyeupe. Ukimwuliza nani asijue, anafikiri. Na majibu hayakuwa kama nilivyotazamia. Ni nadra mtu kumficha daktari. Wanaofichwa ni jamaa: wifi, mke mwenza, kaka aliyetoa nauli. Bibi mmoja wa Kojani alitaka watoto wake wote wajue ana kisukari isipokuwa yule aliyeko Oman, "huyo akisikia ataacha kazi arudi, na sisi tutakula nini?" Mzee mmoja mvuvi alinisihi jirani yake asipate habari kabisa, kwa sababu alikuwa katika mapatano ya kumwuzia mashua, na mwuzaji akijulikana mgonjwa hupunjwa. Hakuna fomu itakayokuwa na kisanduku cha mambo hayo.

Yupo pia, mara moja moja, anayetaka daktari mwenyewe asijue. Mama amekunywa dawa ya miti shamba ya kuharakisha uchungu, kapewa na mkunga wa jadi, na hataki kumponza bibi wa watu. Tumbo linabana bila kupumzika. Ukiweka kiganja juu yake unahisi kama jiwe. Hapo sikuwa na kigugumizi: "Dawa nitaisema. Aliyekupa sitamtaja." Wengi walikubali papo hapo, kwani walichokuwa wakikilinda ni mtu. Asiyekubali, kama kimya changu kingemwua yeye au mtoto, nilisema, lakini nilimwambia usoni kwamba nakwenda kusema, na kwa nani. Wako waliokasirika. Nilipendelea hasira ile kuliko mgonjwa kuja kusikia kwa wengine kwamba siri yake imetembea nyuma ya mgongo wake, maana huyo hatarudi tena hospitalini, na binti yake pia hatarudi.

Mpinzani mkubwa wa ridhaa ya mgonjwa huku kwetu ni ridhaa ya mume. Wavuvi wa Pemba huenda dago, miezi kwa miezi, Tanga au ng'ambo ya Kenya huko Shimoni, na uchungu haungoji msimu kwisha. Nakumbuka usiku mmoja, hospitali siitaji, mama amelala kwenye kitanda cha magurudumu, mtoto amekaa vibaya, inatakiwa apasuliwe. Simu ikapigwa dago. Ikawekwa spika ili wazee wasikie. Mume huko aliko, mawimbi yanasikika, akaanza kuuliza: kwani amepatwa na nini, mara ya kwanza si alizaa mwenyewe, hiyo damu ilianza lini, na yale maradhi aliyotibiwa mwaka juzi yamerudi? Kijana wa zamu akawa anajibu moja moja, kwa ufasaha kabisa, kwenye ukumbi wenye watu zaidi ya kumi. Mgonjwa mwenyewe alikuwa hatua mbili kutoka pale, ana akili zake timamu, anatazama dari. Niliichukua simu, nikazima spika, nikamwekea mwenye tumbo lake sikioni. Akamwambia mumewe maneno ambayo sisi tuliokuwa karibu tuliyasikia bila ya kutaka: "Mie nishakubali. Weye niombee." Wakaagana. Tukaingia chumba cha upasuaji. Wazee hawakufurahi, na mmoja wao alinilaumu kwa muda mrefu kwamba nimewavunjia heshima. Sikubishana naye, nilimwamkia shikamoo kila tulipokutana, na yeye akaitikia.

Na asiye na fahamu? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka habari za afya katika taarifa nyeti zinazohitaji ridhaa, na inaacha mlango kwa mtu asiyeweza kuridhia ilhali uhai wake uko hatarini. Ila sisi wa visiwani tuisome kwa makini: kwa upande wa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano, na afya si jambo la Muungano. Basi mgonjwa yule yule, akipewa rufaa ya kwenda Muhimbili, siri yake hubadilisha sheria pale anaposhuka bandarini Dar es Salaam. Wanasheria watalichambua hilo. Wauguzi tuna kiapo kinachotokana na kile kilichotungwa Marekani mwaka 1893 kwa jina la Florence Nightingale, nacho kuhusu siri za mgonjwa na nyumba yake hakikuweka mpaka wa bahari.

Tusijifanye, hata hivyo, kwamba kila habari ya ugonjwa ni mali ya mtu mmoja. Machi 2024, Kisiwa Panza, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na watu wengine 78 wakalazwa. Sumu ya kasa haina dawa ya kuiua. Mgonjwa husaidiwa mpaka mwili uishinde, ukijaaliwa. Mtoto anayenyonya anaweza kuipata kwa maziwa ya mama yake. Nami nilikuwa nimeshastaafu, lakini anayejua maisha ya visiwa vile anajua kwamba kasa ni kitoweo cha kugawana: kibakuli huku, kibakuli kule. Katika hali kama ile, swali la nani alipelekewa kibakuli haliwezi kungoja ridhaa ya mwenye nyumba. Kila mlango ubishwe, kila anayenyonyesha aulizwe usiku huo huo, na kila mhudumu kuanzia anayevusha wagonjwa hadi wodini aambiwe ni sumu ya nini. Ile ni habari ya kisiwa kizima. Jina la aliyepika si sehemu ya matibabu.

Siku hizi yale masikio ya njiani yameongezewa makundi ya WhatsApp. Sitaki kuyatukana: daktari kijana aliyeko Wete usiku wa manane, akituma picha ya jeraha kwa bingwa wa Unguja na akarudishiwa jibu baada ya dakika chache, amefanya jambo ambalo sisi tulikuwa tukilingoja mpaka boti ya asubuhi. Lakini nimewahi kuonyeshwa harusini, baina ya biriani na sharbati, picha ya mguu wa mtu ninayemfahamu, na aliyenionyesha hakuwa hata mfagizi wa hospitali yoyote. Picha ilikuwa imeingia na uso, na pembeni kadi yenye jina na shehia. Jeraha halihitaji uso ili litibiwe. Na simu ya daktari ikifika nyumbani huchezewa na watoto.

Mfumo wa m-mama umenipa moyo kwa upande mmoja. Ulijaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga, kabla ya kuzinduliwa kitaifa Aprili 2022. Mtu anapiga 115 bure, anayepokea anauliza kwa mpangilio, anatafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii, kisha anaiarifu hospitali itakayompokea. Kwa maana hiyo maneno ya kitibabu yanasafiri kwa simu baina ya wahudumu, na dereva anabaki na yake: nyumba ipi, njia ipi, haraka kiasi gani. Barua ya mama mkwe inapoteza uzito. Mfumo huo ni wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mvuvi aliyechomwa na mwiba wa samaki taa bado yuko mikononi mwa mwenye chombo. Na kwa mjamzito, lile swali la nani asijue halina haja ya kungoja kitambaa cha presha usiku wa hatari. Anakuja kliniki miezi kabla, amekaa kitini, hana maumivu, mkwe yuko nje kwenye benchi. Aulizwe siku hiyo, jibu liandikwe, na anayepokea simu alikute limeshaandikwa.

Dereva ndiye anayeniumiza kichwa mpaka leo. Wakati wa kipindupindu cha 2015 na 2016, kilichotutesa Unguja na Pemba, dereva mmoja wa gari ya kukodi, mtu mwema aliyekuwa akituchukulia wagonjwa hata kwa deni, alinisimamia mlangoni akakataa kuwasha gari. "Bibi nesi, niambie huyu ana nini. Mie nina watoto." Nilimjibu kama nilivyofunzwa na kama ninavyoamini: maradhi ya mtu simwambii, ila kila anayempakia amchukulie kuwa anaweza kumwambukiza, avae glavu, akimshusha aoshe siti kwa maji ya klorini, awe ni kipindupindu au ni mguu uliovunjika. Nikimtajia leo, siku nisiyomtajia atadhani yuko salama, na hapo ndipo atakapougua. Akanisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwamba ameelewa.

"Sawa, bibi. Basi nipe hizo glavu, na hiyo dawa ya kuoshea."

Kabati lilikuwa limefungwa, na mwenye funguo hakuwa zamu. Nikamweleza. Akaniangalia kidogo, akauliza upya, "Haya, ana nini?"